Mama Mdogo Hasikii Sauti

Tarehe 9 Januari

Mwanangu Chiriku,

Hujambo wewe, na mkwe wangu hajambo? Na huyo mdogo aliye tumboni, anapiga mateke sana? Wewe ulimpiga mateke marehemu dada yangu mpaka akawa anakula amesimama. Niambie nifume sweta la rangi gani.

Huku tuko wazima. Mwanangu Mhasibu amepandishwa cheo, na kitambi nacho kimepanda. Mtoto wake mkubwa sauti imeanza kukwaruza, kila akisema kitu tunacheka, naye ananuna. Mimi mshono umefunga vizuri. Napanda ngazi bila kushika ukuta.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Mhasibu amechukua simu yangu. Anasema nitarudishiwa nikitulia. Kwa hiyo barua hii inakuja na basi. Makondakta bado wananiheshimu, miaka niliyokaa kwenye kile kibanda cha stendi nikitangaza magari yao haikwenda bure. Ukijibu, peleka ofisi ya vifurushi, wao watanifikishia.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Siku ile ya Novemba waliponitoa uvimbe, yule mtaalamu wa usingizi alinichoma sindano akaniambia nihesabu. Sikufika mbali. Lakini sikulala, mwanangu. Nilitoka. Nilijikuta mahali pasipo na kuta, na watu wamejaa. Sikuwaona sura. Nilijua tu kwamba wapo, kama unavyojua chumba kina mtu hata ukiwa umefumba macho. Mama yako alikuwepo. Baba yetu alikuwepo. Hawakuwa na huzuni wala furaha, na hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanasikiliza. Wote wameelekea huku kwetu, kama abiria wanaosubiri gari lao litajwe, na spika imeharibika.

Nilipozinduka nililia mpaka nesi akadhani mshono unauma. Haikuwa mshono. Ilikuwa aibu. Mimi, niliyetangazia watu nisiowajua maisha yangu yote, watu wangu mwenyewe nimewaacha wakae hivyo.

Tangu hapo kila asubuhi nakaa chumbani nasoma gazeti kwa sauti. Nawaambia bei ya mafuta, nani kaoa, nani kajifungua, kama mvua imenyesha. Halafu nikawaza, wangu nawaambia, wa wenzangu je? Nikaanza kuwapigia simu waliofiwa, nawaomba waweke simu sebuleni kwa sauti kubwa niongee na marehemu wao dakika chache. Wengine walikubali. Mmoja akampigia Mhasibu.

Wewe unashinda na wagonjwa wa akili. Niambie, ninafanana nao? Nijibu kama nesi kwanza. Kama mtoto wangu, utanijibu barua ya pili.

Mimi mama yako mdogo.


Tarehe 27 Januari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mshono umepona. Usinyanyue ndoo, hata ukijiona una nguvu.

Sisi hatujambo. Mume wangu yuko safarini, kuna daraja wanajenga huko mbali na kazi haiishi. Wodini paa la upande wa wanawake linavuja, tumesukuma vitanda vyote ukuta mmoja, na sasa kila mgonjwa anajua siri ya mwenzake. Tumeletewa daktari mpya anayeandika kwa kasi mpaka yeye mwenyewe hawezi kusoma alichoandika.

Umeomba nikujibu kama nesi. Dawa ile ya usingizi ina tabia hiyo. Wapo wanaojiona wanaelea kwenye dari, wapo wanaokutana na marehemu, wapo wanaoamka wakimtukana daktari. Ni ubongo unacheza wakati mlinzi amelala. Siyo wazimu, na siyo ujumbe pia. Itapungua yenyewe.

Ila naomba unijibu haya bila kuzunguka. Unalala usiku? Unakula? Kuna sauti inayokuamuru ufanye jambo? Unahisi mtu anakufuata? Na tafadhali acha kuwapigia watu waliofiwa. Wewe unaona unawasaidia, wao wanaona umefungua kidonda.

Wasalimie wote. Mhasibu usimkasirikie, anakuogopea tu.

Wako,
Chiriku


Tarehe 11 Februari

Mwanangu,

Umenijibu kama nesi kweli. Nilipofika kwenye yale maswali nikajikuta nimekaa wima kama niko kliniki. Haya, majibu. Nalala. Nakula, muulize mke wa Mhasibu anavyohesabu mikate. Hakuna anayeniamuru kitu, hata wajukuu wamekata tamaa. Na anayenifuata ni huyo mwanangu, kila nikienda dukani anamtuma mtu.

Wewe hukunijibu kuhusu tumbo. Barua nzima nimeipekua. Sawa, labda kazi zimekubana. Nimeanza sweta la njano, rangi hiyo haina ugomvi.

Kule tunakosali mambo yameharibika. Kiongozi wetu aliniita pembeni baada ya ibada. Akasema, "Mama, wafu wamepumzika. Unawasumbua." Nikamuuliza, "Mtu aliyepumzika hasikilizi redio?" Hakucheka. Akaniambia nisikae tena mbele na kina mama wa kwaya mpaka nitakapojirekebisha. Wenzangu wote waliangalia viatu vyao. Nimeimba nao tangu sijaota mvi, Chiriku, na hakuna aliyenisindikiza hadi getini.

Aliyenisindikiza ni Fundi Saa. Yule anayetengeneza saa kwenye kona ya benki, mwenye kioo cha jicho moja. Kumbe alikuwa amekaa nyuma siku zote. Akaniambia wapo watu kadhaa wanaokutana kwenye chumba juu ya duka la matairi, kila mmoja na alichokiona: muuza viatu aliyezama akafufuliwa, mwalimu aliyepigwa na umeme, na wengine. Wanakunywa mzizi fulani, mchungu kama hasira. Fundi Saa anasema, "Mzizi hauleti kitu. Unafunua tu."

Nilikunywa. Najua unatoa macho. Nilitapika kwanza, halafu kikaja kitu kama kuvuliwa viatu vilivyobana. Walikuwepo wale wale, karibu zaidi. Nikamweleza mama yako habari zako zote: shule, kazi, harusi uliyolia mpaka wanja ukafika kidevuni. Alisikiliza. Nilipofika kwenye tumbo lako, ukimya wao ukabadilika. Sijui niuelezeje. Ulikuwa ukimya, lakini wa aina nyingine. Nikaacha kusema.

Niandikie upesi.

Mama yako mdogo


Tarehe 20 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Wenzangu wawili waliugua, nikabeba zamu zao.

Sina habari nyingi. Paa limezibwa. Mume wangu bado yuko darajani.

Nimesoma barua yako na nimekasirika, afadhali niseme wazi. Una mshono ambao haujamaliza nusu mwaka. Una presha. Unakunywa mzizi usioujua, uliochemshwa na fundi wa saa, juu ya duka la matairi. Mimi ndiye ninayewapokea watu waliokunywa vitu hivyo. Wanaletwa wamefungwa kamba. Wapo wanaorudi nyumbani, na wapo ambao nawalisha kwa kijiko mpaka leo. Ukiniuliza mimi, hakuna pazia linalofunuliwa. Kuna ubongo unaoungua.

Na usiniandikie tena habari za ukimya wa mama yangu. Nilikuwa na miaka sita alipokufa, nimeuzoea ukimya wake, sihitaji mwingine wa aina nyingine.

Mhasibu amenipigia. Sikumwambia kuhusu mzizi. Ukinywa tena, nitamwambia.

Chiriku


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Hapa mtoto wa pili wa Mhasibu ameng'oka jino, analiweka mfukoni anamwonyesha kila mgeni. Sweta limekwisha. Liko kabatini.

Nilikunywa tena. Nakwambia kwa sababu sijawahi kukudanganya, na sitaki kuanza uzeeni.

Safari hii sikumwona mtu. Kulikuwa na giza lililonibana kifuani, kama nimezikwa na nafsi yangu inajua. Niliwaita wote kwa majina, hakukuwa na mtu wa kusikia. Moyo ulikimbia mpaka nikahisi meno yanagonga. Nilitaka kutoka nje nikakosea mlango, nikaporomoka ngazi. Fundi Saa na muuza viatu walinibeba hadi nyumbani. Niliwaambia wa nyumbani nimeteleza kwenye maji ya sabuni.

Sasa nina jambo linanizunguka kichwani na siwezi kukaa nalo. Nanyanyuka, nakaa, naenda dirishani, narudi. Ikiwa mara hii hapakuwa na mtu, ile ya kwanza palikuwa na watu kweli? Au ni hivyo unavyosema, mlinzi amelala? Fundi Saa anasema hofu ni mlango pia. Nilimwambia aupitie yeye. Mzizi sinywi tena. Lakini gazeti bado nasoma, kila asubuhi, na siku nyingine nikisoma najiona mjinga kama anayepunga mkono basi lililokwishaondoka.

Usimwambie Mhasibu, nakuomba.

Na kwa hesabu zangu ungekuwa umeshajifungua. Sikuulizi. Nasema tu kwamba hesabu najua.

Mama yako mdogo


Tarehe 28 Aprili

Chiriku,

Mwandiko usikushangaze, ni mkono unaotetemeka. Dawa zao zinanifanya nitetemeke, na ulimi umekuwa mzito kama umelazwa kwenye unga.

Niko hospitalini, wodi kama ile yako. Mhasibu alisema tunakwenda kupima moyo. Nilivaa gauni zuri. Tulipopita jengo la moyo bila kusimama nikamuuliza, "Tunakwenda wapi?" Akasema, "Mama, ni kwa muda tu." Alikuwa analia, na aliendelea kuendesha.

Daktari ni kijana mwenye miwani. Aliuliza, "Unaongea na watu waliokufa?" Nikasema naongea nao. Akaandika. Nikataka kuendelea, akasema inatosha kwa leo. Nikieleza, wanasema ni ugonjwa unaongea. Nikinyamaza, wanasema nimezama. Nilipokataa kidonge waliandika mkaidi. Nilipokimeza wakaandika anaonyesha maendeleo. Jana nililalamika kwamba nyonga inauma tangu nilipoanguka, nesi akaniambia, "Mama, hayo nayo yatapita." Nyonga, Chiriku. Ipo pale pale, naishika kwa mkono.

Simlaumu nesi huyo. Lakini alisema kitu kingine. Nilimuuliza kwa nini faili langu lina maneno kwamba nasikia sauti. Akajibu, "Si ndugu yako ambaye ni nesi ndiye aliyetoa maelezo kwa simu?"

Ni wewe?

Mama yako mdogo


Tarehe 19 Mei

Chiriku,

Sijapata jibu. Labda barua imepotea, huku hazipiti kwa makondakta.

Kitanda cha jirani yupo mama aliyekuwa mpima ardhi. Anapima wodi kwa nyayo kila siku, anasema inapungua. Tumekuwa marafiki. Yeye haamini ninayoyaamini, na mimi siamini kwamba wodi inapungua, lakini tunasikilizana mpaka mwisho. Ni mtu pekee hapa ambaye hajanikatiza.

Hata ukiniandikia mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mama yako mdogo


Tarehe 3 Juni

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na safari hii sina habari za paa.

Barua zako zote mbili nilizipata. Nilizitembeza kwenye mfuko wa sare mpaka zikachanika mikunjo. Nimeandika majibu na kuyachana.

Ni mimi. Mhasibu alinipigia wiki ile ulipoanguka. Alikuwa amekutana na muuza viatu, akaambiwa yote. Akaniuliza, "Dada, wewe ndiye unayejua mambo haya. Mama anasikia sauti au hasikii?" Nikamjibu anasikia. Akanipa namba ya daktari, nikampigia, nikarudia neno hilo hilo kwa lugha ya kazini.

Juzi nilizitoa barua zako zote nikazipanga kitandani, nikazisoma kama faili la mgonjwa nisiyemjua. Hakuna mahali, Mama Mdogo. Hujaandika hata mara moja kwamba wamekuambia kitu. Umeandika kwamba hawasemi. Januari nilikuuliza kuhusu sauti ukanijibu kwa mzaha wa wajukuu, na jibu lilikuwa hapana, na mimi nesi wa miaka kumi na miwili nikalipita.

Nitakwambia kwa nini, kisha uamue kama mimi bado ni mwanao. Uliandika kwamba mama yangu alinyamaza tofauti ulipotaja tumbo langu. Nilitaka uwe mgonjwa. Ukiwa mgonjwa, ule ukimya haukuwa na maana yoyote.

Mtoto alifariki Desemba, kabla hata hujaniandikia ile barua ya kwanza. Alikuwa wa miezi sita tumboni. Asubuhi niliona hachezi, nikaenda kazini, nikajiambia amelala. Mchana nilijua. Walinipa nimshike kidogo, amefungwa kwenye kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, kisha wakamchukua. Mume wangu alikaa nyumbani wiki moja, halafu akaomba apelekwe darajani. Hakuna aliyemlazimisha. Tunapigiana simu kuulizana hali ya hewa. Huko nyumbani sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia mmoja, wote wangekuja, na wangekaa, na wangesema ni mipango, na ningepiga mtu.

Nilianza kumeza vidonge vya usingizi vya wodini. Mgonjwa akikataa chake, badala ya kukirudisha nakitia mfukoni. Mwanzoni kwa ajili ya kulala. Siku hizi kwa ajili ya kuamka, na kwa ajili ya kupanda ngazi, na kwa ajili ya kukuandikia barua za kukukataza mizizi. Kidonge kinaniweka mahali pasipo na mtu, na hicho ndicho nilichokuwa nataka, pasiwe na mtu. Ulipoandika kuhusu lile giza lililokubana, nilijua ni wapi. Mimi nakwenda kila siku kwa hiari yangu.

Leo nimempigia daktari wako. Nikamwambia, "Nilikupa maelezo yasiyo sahihi." Akauliza, "Yapi?" Nikasema, "Yule mama hasikii sauti. Hajawahi kusikia. Anaongea na marehemu kama unavyoweza kuongea na picha ya mama yako." Akasema, "Mimi siongei na picha ya mama yangu." Nikamwambia basi wewe una roho ngumu kuliko mimi. Kisha nikamwomba akapige picha nyonga yako leo hii, siyo kesho.

Chiriku


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Wewe ni mwanangu. Hilo tusilirudie.

Pole. Nimeandika neno hilo na nimeliangalia, ni dogo mno, lakini sina lingine kubwa zaidi. Pole, Chiriku. Ulimbeba mtoto huyo peke yako, akiwa hai na akiwa si hai, na sisi huku tunakuuliza rangi ya sweta.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Siku mbili sikutaka hata kuliona jina lako. Mpima ardhi akaniuliza, "Huyo binti amekufa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi bado una muda wa kumkasirikia baadaye," akaendelea kupima.

Nyonga ilikuwa na ufa mwembamba, umeanza kuunga wenyewe. Walipoona picha, daktari aliwaita wanafunzi wakaja kuiangalia, hakuna aliyekumbuka kuniomba msamaha. Lakini kesho yake alikuja peke yake, akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa.

Akauliza, "Mama, bado unawasikia?"

"Sijawahi kuwasikia, daktari. Wao ndio wanaonisikia mimi."

"Una uhakika?"

"Sina. Zamani nilikuwa nao. Sasa sina."

"Na usipokuwa na uhakika, utaendelea kuwasomea gazeti?"

"Nitaendelea. Nilitangaza magari maisha yangu yote na sikuwahi kujua nani alikuwa stendi na nani hakuwepo."

Aliandika muda mrefu. Kisha akasema wataniruhusu, nimeze nusu kidonge kwa mwezi mmoja, na nisinywe kitu kilichotoka kwenye chungu cha mtu. Nikamwambia hilo la chungu nilishajipiga marufuku mwenyewe. Kwenye karatasi ya kutoka ameandika "imani zisizo za kawaida". Nimeisoma getini nikacheka mpaka nyonga ikaniuma. Kutoka mgonjwa wa akili hadi imani zisizo za kawaida, nimepandishwa cheo kama Mhasibu.

Naye alinifuata. Tulikaa garini bila kuwasha injini. Akasema, "Mama, nilidhani nakupoteza." Nikamwambia, "Ulinipeleka kunipoteza ukiwa umenifunga mkanda." Alilia tena. Amenirudishia simu. Bado hatujaelewana sawasawa, tunaongea kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi. Nadhani itachukua muda.

Simu ninayo, lakini nimependelea kukuandikia, maana kwenye simu ungenikatiza.

Nakuja Alhamisi. Sitakuja kukuhubiria. Sitamwambia mama yako kuhusu mtoto, wala mtu mwingine yeyote, aliye hai au asiye hai. Habari hiyo ni yako. Kabla sijafika, nenda kwa mkubwa wako wa kazi umwambie habari ya vidonge. Najua wanaweza kukufukuza. Nenda hivyo hivyo, mimi nitakukuta nyumbani.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Umefika salama? Kondakta aliniambia ulimsahihisha matamshi ya vituo njia nzima, na kwamba abiria walikupigia makofi.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Nimejikuta nikiacha mlango wa chumba wazi kama ulivyokuwa unataka.

Barua ya utumishi imekuja. Hawakunifukuza. Wamenisimamisha miezi mitatu, na nikirudi sitagusa kabati la dawa, nitakaa mapokezi. Metroni aliniletea mwenyewe. Alisema, "Wengine wanangoja tuwakamate." Akanywa maji, akaondoka. Naumia kidogo kuwa mapokezi. Halafu nakumbuka kwamba mapokezi ndipo mtu anapoulizwa maswali ya kwanza, na nadhani kuna moja ninaloweza kuliuliza vizuri sasa.

Usingizi bado ni vita. Zile wiki ulizokaa nami, nikitoka jasho na kukutukana, sizikumbuki zote, na wewe hutaki kunielezea. Asante kwa hilo pia. Mikono imetulia. Kuna siku miguu haitaki kukaa, natembea kutoka jikoni hadi mlangoni kama rafiki yako mpima ardhi. Mume wangu alikuja wikiendi. Tulizungumza kidogo kuhusu mambo ambayo si hali ya hewa, kisha akarudi darajani. Hajasema kama atarudi kabisa. Sikumuuliza.

Sasa nina jambo, na nakuomba usilifurahie kupita kiasi. Siamini ulichoona kwenye kile chumba cha upasuaji. Nimejaribu, siwezi. Nikikifikiria, naona sindano na kipimo cha dawa. Ukija tena tutabishana, na nitashinda.

Lakini jana asubuhi nilikuwa naosha vyombo, nikafunga maji. Nikajikausha mikono, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Nyumba ilikuwa tupu. Nikasema, "Mama." Sauti yangu ilinishtua, ilitoka kama ya mtoto. Nilingoja. Hakuna kitu kilichobadilika, wala ukimya haukuwa wa aina nyingine, ulikuwa ukimya wa jikoni, na friji ikiunguruma.

Nikamwambia kwamba nilijifungua Desemba. Nikamwambia alikuwa wa kike.

Chiriku